Gemu zangu kali za 2024 hizi hapa, zako zipi?

Mzee wa Kontinyu

Wakuu, mwaka ndo huo unakata. Tuzo zishagawiwa, Astro Bot kabeba gemu ya mwaka pale The Game Awards na mi sina ugomvi nae hata kidogo, karoboti kenyewe katamu, ile levo ya kasino unapunguza kasi ya muda mpaka vitu vinavyoruka hewani vinageuka ngazi za kupandia ni akili kubwa. Ila hapa sitaki tuongelee majaji, nataka kujua wewe mwenyewe mwaka huu umenogewa na ipi.

Kipimo changu kimoja tu. Nikiwa nimechoka, sina mpango wa kucheza chochote, mkono unaenda kufungua gemu gani? Sio ipi nimeimaliza, sio ipi ina grafiksi za kutisha. Kuna gemu za mwaka huu nimezimaliza kwa heshima tu, nikafuta, na sijaziwaza tena.

Namba moja, msinicheke, ni Balatro. Ndio, ya karata. Ilitoka Februari, kaitengeneza mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, jina lake halisi kalificha. Unapewa karata 52, unacheza mikono ya poka, kila mkono una pointi zake na kizidishi chake, na kila raundi ina kiwango cha kufikisha kabla mikono haijakuishia. Mpaka hapo ni kawaida kabisa. Utamu uko kwenye jokeri, ziko 150 na kila moja ina tabia yake, halafu wewe unaanza na nafasi 5 tu za kuziweka.

Ngoja niwaonyeshe kwa hesabu maana watu wanadhani ni bahati. Chukua flashi, karata tano za kopa, A, K, 10, 8 na 4. Flashi inaanza na pointi 35, kizidishi 4. A ni 11, K ni 10, ukijumlisha karata zote tano ni 43, ongeza 35 unapata 78, mara 4 ni 312. Raundi ya kwanza kabisa inataka 300, umepita na mkono mmoja. Sasa weka jokeri mbili, moja inaongeza 4 kwenye kizidishi, nyingine inakizidisha mara 3. Zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwahiyo ya kuongeza ikikaa kushoto unapata 4 na 4 ni 8, mara 3 ni 24, unaondoka na 1,872. Zigeuze tu, ya kuzidisha ianze, 4 mara 3 ni 12, ongeza 4 ni 16, unapata 1,248. Karata zile zile, jokeri zile zile, pointi 624 zimeyeyuka sababu ya mpangilio. Gemu nzima ni hiyo, kila saa unagundua kitu kidogo kilikuwa mbele ya macho yako, na ukifa unaanza upya kabla hata hujakasirika vizuri.

Namba mbili Prince of Persia: The Lost Crown. Ilitoka Januari na ndo tatizo lake, kufika Desemba watu washaisahau. Ni zile za kuzunguka ramani moja kubwa, unakutana na mlango hauwezi kuupita, unaenda mbali huko unapata uwezo mpya, unarudi. Gemu zote za aina hii zinakutesa kwa kukumbuka mlango ulikuwa wapi. Hawa jamaa wakaja na kitu chepesi, unabonyeza kitufe unapiga picha ya ulichokiona, picha inabaki imebandikwa pale pale kwenye ramani. Basi! Sijui kwa nini hakuna aliyewaza hivyo zamani, na nitashangaa kama wengine hawataiba. Na mapigano yake ya kupangua ni matamu, ukipangua lile pigo la njano kwa wakati Sargon, yule unayemchezesha, anamshushia mtu kipigo cha kama sinema. Halafu timu iliyoitengeneza ikatawanywa kwenye miradi mingine, roho iliniuma.

Tatu Animal Well, hii siielezi sana maana ukielezwa umeharibiwa. Uko ndani ya shimo lenye giza, wewe ni kadude ka duara, huna upanga wala bunduki, una fataki, yoyo, filimbi na kijiti cha kupuliza mapovu. Unapuliza povu kwa kujifurahisha tu halafu unakuja kugundua kumbe povu lenyewe linakanyagika, unapanda juu. Gemu nzima haifiki MB 40, kuna picha za simu zinakaribia hapo. Billy Basso kakaa nayo miaka kama saba anaijenga peke yake na injini yake mwenyewe.

Halafu Shadow of the Erdtree naiweka pembeni sababu ni nyongeza ya Elden Ring, sio gemu kamili, ingawa ukubwa wake unazidi gemu kamili nyingi. Kuzunguka ile nchi ni raha isiyo kifani, bosi wa mwisho ni adhabu. Ile awamu ya pili ya Radahn mwanga unajaza skrini nzima hata mkono wako huuoni, basi unajiviringisha kwa imani.

Haya zenu zipi? Na kama kuna iliyokuangusha sema pia, tupunguze machungu.

Kibiriti Moto

Karata? Mwaka ambao Black Myth: Wukong imetoka wewe namba moja unaweka KARATA? Hahaha mzee una matatizo.

Mi sina orodha, nina moja. Wukong. Agosti 20 ilitoka na ndani ya siku tatu zishauzwa kopi milioni 10, na hao wote sio wajinga. Nimecheza gemu nyingi za mapigano lakini hakuna iliyonipa mabosi wengi wa namna hii, kila kona bosi, unamaliza mmoja unapumua kidogo unageuka kuna jitu lenye kichwa kikubwa linakutazama, na kila mmoja ana stori yake, unaifungua kwenye kitabu unasoma alikuwa nani kabla hajaharibika, unajikuta unamhurumia mtu aliyekukanda usiku kucha.

Na lile fimbo bana! Una staili tatu, ya kuponda, ya kuchoma na ile ya kupanda juu ya fimbo yenyewe, bosi anafagia chini wewe uko juu kwenye nguzo unamsubiri amalize upuuzi wake umshukie. Ukiona mambo magumu unamgandisha kwa uchawi, au unanyofoa nywele unatoa nyani wenzako wanamvamia wote kwa pamoja wewe unakunywa dawa pembeni.

Ila kitu kilichonikaa ni pale sura ya pili inapoanza, jangwa, upepo wa manjano, unamkuta jamaa kakaa juu ya mwamba anapiga ala ya nyuzi tatu na kuimba sauti nzito ya kuingia mifupani, halafu unagundua HANA KICHWA. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Karata inaweza kukupa hiyo?

Kasoro zipo, sitadanganya. Kuta zisizoonekana zinakera, unaona njia kabisa, unaenda, unagonga hewa. Na ilipotoka haikuwa na ramani, kwahiyo njia inayopitika na isiyopitika zinafanana. Hilo wangelirekebisha ningesema ni gemu ya miaka kumi.

Mzee wa Kontinyu

@Kibiriti Moto yule mwimbaji asiye na kichwa nakupa, hapo hakuna ubishi, hiyo ni mojawapo ya dakika bora za mwaka. Wukong nimeimaliza na niliipenda. Ila baada ya kuimaliza sijairudia, na kuta zile ndo sababu. Gemu inayonionyesha mlima halafu inanikataza kuupanda bila kuniambia, inaniua hamu ya kuchungulia, na mi nacheza ili nichungulie.

Sajenti Mdudu

Wote mnacheza peke yenu ndo maana mnabishana.

Helldivers 2. Nyie wengine mtasema mmeisahau, mi na washkaji zangu watatu bado tuko vitani tunatetea demokrasia. Kwa ambao hawajaicheza, mnashuka wanne kwenye sayari iliyojaa wadudu wakubwa au maroboti, mnafanya kazi mliyotumwa, mnakimbia. Risasi zako zinaua adui NA rafiki. Hapo ndo gemu inapoanzia kuwa gemu. Kuna mwenzetu mmoja kila akitega bunduki yake ya kujiendesha lazima imuue mtu wetu mmoja, na tumeshazoea, tunamwita daktari.

Kitu kidogo kilichoniua ni ile misimbo ya mishale. Ukitaka silaha au msaada hubonyezi kitufe kimoja, unaandika mishale kwa mkono. Kumrudisha mwenzako aliyekufa ni juu, chini, kulia, kushoto, juu. Bomu la kilo 500 ni juu, kulia, chini, chini, chini. Ukiwa umetulia ni rahisi kama kunawa uso. Sasa jaribu kuziandika huku kuna mdudu ukubwa wa lori anakuja, umebaki wewe peke yako, washkaji watatu wamekufa wanapiga kelele kwenye maiki "JUU CHINI KULIA" na kila mmoja anataja msimbo tofauti. Vidole vinageuka mbao. Hakuna gemu nyingine mwaka huu imenifanya nicheke mpaka nikashindwa kushika pedi.

Na vita ni moja ya watu wote duniani, mnapewa amri kubwa, mkishinda ramani inabadilika kwa kila mtu. Kuna kipindi waliwapa watu wachague, waende sayari moja wapate mabomu mapya ya kutega ardhini ya kulipua vifaru, au waende nyingine kuokoa watoto waliokwama hospitalini. Watu wakaacha mabomu wakaenda kuokoa watoto. Watoto wa kwenye gemu! Na waliotengeneza wakatoa mchango wa kweli kwa Save the Children. Ndo maana hata ile Mei Sony waliposema watu wa kompyuta walazimike kuunganisha akaunti ya PlayStation jamii nzima iliwaka mpaka wakabatilisha ndani ya siku chache. Jamii ambayo ishazoea kupigana pamoja huiwezi.

Iliyoniangusha: Concord. Haikuniangusha mimi, ilijiangusha. Ikatoka Agosti 23, Septemba 6 ikazimwa, watu wakarudishiwa hela zao. Wiki mbili! Yaani studio imetumia miaka, wiki mbili.

Nuru ya Mwezi

Naona hamna aliyeitaja kwahiyo naitaja mimi. Tales of Kenzera: ZAU, ilitoka Aprili.

Ni ya kuruka na kupigana kama hiyo Prince of Persia ya mleta mada, ila fupi zaidi. Zau ni mganga kijana, baba yake kafariki, anamuita Kalunga, mungu wa kifo, wanaelewana kwamba amletee roho tatu kubwa zilizomkataa na yeye amrudishie baba. Abubakar Salim aliyeiongoza, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, aliitengeneza baada ya kumpoteza baba yake mwenyewe na inaonekana, hakuna sehemu unahisi mtu kaandika majonzi kwa kusoma vitabu. Kuna sehemu Zau anakaa tu chini ya mti na Kalunga wanaongea, hakuna vita hakuna fumbo, Kalunga anamsikiliza kama mzee anavyosikiliza kijana aliyekasirika, hamkatizi. Halafu ukiingia kwenye mipangilio unaweka sauti za Kiswahili. Mi niliiweka toka mwanzo. Kuna watu wataona ni kitu kidogo, sawa, kwangu mimi sijawahi kukaa na pedi mkononi nikasikia mhusika mkuu anaombolezea baba yake kwa namna ambayo nyumbani kwetu tungeomboleza.

Mapigano una barakoa mbili, ya jua ni ya moto na ya karibu, ya mwezi ni ya kupiga kwa mbali, unazibadilisha katikati ya kombo na ukishazoea ni kama unacheza ngoma. Sasa nisiwe mnafiki, maadui ni wachache wa aina na wanajirudia, na zile sehemu za kukimbizwa ukikosea kidogo unakufa unaanza toka mbali zilinitoa jasho bure. Kwa majaji hawezi kushinda. Kwangu ni ya kwanza.

Mzee wa Kontinyu

@Nuru ya Mwezi asante kuileta. Niliicheza na nakubaliana na wewe kuhusu pale chini ya mti. Bahati mbaya yake ilitoka miezi mitatu baada ya The Lost Crown, kila mtu akawa anazipima pamoja, na kwa miguu na mikono tu, yaani kuruka na kupangua, Sargon anamuacha Zau mbali. Kwa stori Sargon hamfikii hata visigino. Inauma kwamba na wao mwaka huo huo studio ikapunguza watu.

Dada Zamu

Nimesoma yote na nina tatizo na kipimo cha mleta mada. Kaka, hicho kipimo chako cha "nikiwa nimechoka mkono unafungua nini" kinabeba gemu fupi fupi tu. Bila shaka Balatro itashinda, raundi moja ya Balatro unaicheza maji yakiwa jikoni. Mtu hafungui gemu ya stori kubwa akiwa amechoka, anaitengea muda, kama unavyomtengea muda mgeni unayemheshimu. Sasa gemu ikiheshimiwa inapoteza maksi?

Yangu ni Metaphor: ReFantazio na nitaitetea. Mfalme kauawa, nchi haina mrithi, halafu ule uchawi wake wa kifalme unatangaza kwamba atakayependwa na watu wengi zaidi ndiye atakayekaa kwenye kiti. Kichwa cha mawe kama mlima kiko angani kinaangalia nchi nzima. Muuaji wa mfalme anagombea mchana kweupe, na watu wanampenda! Hapo nilijua sitalala. Wewe ni kijana wa kabila linalodharauliwa kuliko yote, una kitabu na kajini kadogo kenye mabawa kanakoitwa Gallica kanakokupa ushauri, na unaingia kwenye mbio za kugombea ufalme ukiwa hakuna anayekujua.

Mapigano ni ya zamu na najua wengi mnazikimbia za zamu mnasema zinachosha. Hizi hazichoshi. Kwanza maadui wadhaifu unawachapa pale pale barabarani bila kuingia kwenye vita, fyuu, unaendelea. Wenye nguvu unawakata kwanza mpaka wapoteze fahamu ndo unaingia kwenye zamu ukiwa na faida, lakini wakikuwahi wao kukupiga, umekwisha, wanaanza wao na wanaweza kukufuta kabla hujashika menyu. Ndani ya vita una alama za zamu juu ya skrini, ukimpiga adui kwenye udhaifu wake unatumia nusu ya zamu badala ya nzima, ukikosea pigo unapoteza mbili. Kwahiyo unakaa unahesabu. Niliwahi kukaa natazama menyu bila kubonyeza kitu nikitafuta namna ya kupata nusu moja zaidi. Mleta mada unapenda hesabu za jokeri, hii ungeipenda.

Na muziki jamani. Vitani kuna mtu anaimba kama sheikh wa kwenye ndoto, harakaharaka, kwa Kiesperanto! Mtunzi wake Shoji Meguro sijui aliwaza nini ila aendelee kuwaza hivyo hivyo. Halafu Hulkenberg, mlinzi wa kifalme mwenye adabu zote za dunia, mkifika mji wowote anataka kuonja kila kitu cha ajabu kinachouzwa mpaka wadudu. Nampenda kuliko ndugu zangu wengine.

Kasoro ni kalenda. Kila siku unachagua jambo moja, na mwishoni mwishoni siku zinabaki nyingi kuliko mambo, unajikuta unalala tu mpaka tarehe ifike.

Mzee wa Kontinyu

@Dada Zamu dada yangu umekuja na moto. Sikatai kwamba kipimo changu kinapendelea, kila kipimo kina mpenzi wake. Ila sio ufupi tu, Erdtree ni ndefu kuliko mwezi wa njaa na ilikuwa inaniita nikiwa hoi, sababu naweza kuingia nikapanda kilima kimoja, nikaokota vile vipande vya Scadutree viwili, nikatoka, na bado nimepiga hatua. Metaphor nikiwa nimechoka nikaingia kwenye shimo la mwezi huo nitakufa na nitasahau nilikuwa natafuta nini. Ya kwako nimeianza, nimefika pale Hulkenberg anajiunga, nikaiacha kwa sababu niliona haistahili kuchezwa kwa jicho moja. Kwa hiyo naiheshimu kama unavyotaka hahaha.

Kibiriti Moto

Hapo kwenye Scadutree umenikumbusha. Nusu ya watu waliolia kwamba Erdtree imezidi ugumu walikuwa wanakimbilia mabosi bila kuokota hivyo vipande. Levo ulizotoka nazo gemu kuu hazikusaidii sana kule, baraka za Scadutree ndo ngao. Mpaka waliotengeneza wakaamua kutoa apdeti kuongeza nguvu kwenye hatua za mwanzo za hizo baraka. Nimemuona mtu anapambana na bosi Messmer akiwa na baraka 3. Tatu! Unaenda kwa Messmer na vesti.

Tisa Bila Goli

Mtanisema lakini EA Sports FC 25 ndo nimecheza kuliko zote na kwa kipimo cha mleta mada ndo mshindi wangu, mkono unaenda wenyewe. Ila sio kwenye mechi za kawaida, ni Rush. Mnakuwa wanne na kipa wa kompyuta, uwanja mdogo, hakuna kutega mpira nyuma dakika tano. Mtu akicheza rafu mbaya anapewa kadi ya bluu anatoka dakika moja halafu anarudi, na hiyo dakika moja ndo mechi inaamuliwa, wenzie watatu wanazungushwa mpaka wanatukanana. Mechi za 11 kwa 11 mtandaoni zimenichosha, kila mtu anakimbiza pembeni anarudisha katikati anafunga goli lile lile toka miaka ya FIFA.

Mzee wa Kontinyu

@Tisa Bila Goli hakuna wa kukusema, Rush ni tamu. Ila hapo hapo kuna kichekesho. Wale wa PEGI wanaoweka umri kwenye gemu Ulaya, FC 25 ina vifurushi vya wachezaji vya kununua kwa hela halisi bila kujua utapata nani, wameipa miaka 3. Balatro huweki hata senti ndani, huchezi kamari na mtu, ni mikono ya poka tu kama njia ya kuhesabu pointi, mwaka 2024 waliipa miaka 18! LocalThunk mwenyewe akatania kwamba labda aongeze vitu vya kununua ili ashushiwe mpaka 3 kama FC.

Sajenti Mdudu

Hii imenimaliza 😂😂 mtoto wa miaka 3 anafungua pakiti anatafuta Mbappé.

Mgeni wa Jokeri

Samahani nawaingilia, kwa sababu ya huu uzi nimeishusha Balatro kwenye simu (ipo kwenye simu toka Septemba) na nataka kumlaumu mleta mada, sijafanya kitu kingine. Lakini nakufa ante (yaani hatua) ya 5 kila mara. Raundi za mwanzo napita kirahisi sana halafu ghafla kiwango kinaruka na sina chochote. Nakosea wapi?

Mzee wa Kontinyu

Karibu kuzimu. Kwa haraka: mwanzoni kuna uwezekano unatumia hela zote kila ukiingia dukani. Kila dola 5 unazobaki nazo mwisho wa raundi unapewa 1 ya faida, mpaka upate 5, yaani ukikaa na 25 unalipwa 5 kila raundi kwa kukaa kimya. Fika hiyo 25 mapema halafu tumia kinachozidi. Pili chagua mkono mmoja, flashi au pea au chochote, na karata za sayari unazonunua, zile za kuinua nguvu ya mkono, ziwe za huo huo mkono, ukiinua mikono minne kidogo kidogo hujainua hata mmoja. Tatu, jokeri za kuongeza zinakubeba mpaka ante ya 4 hivi, baada ya hapo lazima upate za kuzidisha, hapo ndo unapofia.

Na ukiona jokeri ya ndizi, Gros Michel, chukua bila kuuliza. Inaongeza 15 kwenye kizidishi ila mwisho wa kila raundi ina nafasi 1 kati ya 6 ya kutoweka. Ikitoweka usilie, ndo inafungua ndizi nyingine, Cavendish, inayozidisha mara 3 na haitoweki kirahisi, nafasi yake ni 1 kati ya 1,000. Uchizi ni kwamba mambo yalikwenda hivyo hivyo duniani, Gros Michel ndo ilikuwa ndizi ya biashara mpaka ugonjwa wa Panama ukaifagia mashambani kwenye miaka ya 1950, wakahamia Cavendish. Mtu mmoja kakaa na karata zake akaona aweke historia ya ndizi humo ndani.

Dada Zamu

Sasa hiyo ya ndizi ndo imenishawishi, sio hesabu zako.

Mgeni wa Jokeri

Jamani nimefika ante ya 8!! Nina Cavendish, nina Blueprint inaiiga Cavendish, nina moja ya flashi, moja ya kuongeza na moja inanipa dola 4 kila mwisho wa raundi. Bosi wa mwisho karata zangu zote zimezimwa, hazifanyi kazi mpaka niuze jokeri moja. Niuze ipi haraka niko kati kati ya mchezo

Kibiriti Moto

Uza Blueprint ina bei.

Mzee wa Kontinyu

USIMSIKILIZE HUYO. Uza ya dola 4. Ukishampiga huyu umeshinda, hela utaipeleka wapi? Halafu hakikisha Cavendish iko kulia ya Blueprint na zote mbili zikae baada ya ile ya kuongeza, ndo ucheze flashi.

Mgeni wa Jokeri

Nimeshindaaa

Mzee wa Kontinyu

Sasa kuna dekki 14 nyingine za kufungua. Pole.